Leseni ya Kayaki Haiulizi Kama Unajua Kuogelea

Wiki iliyopita, kwenye mfereji mmoja wa huku Midlands, katikati ya Uingereza, ninakoishi, nilimshuhudia afisa wa taasisi inayosimamia mifereji akimtoa majini baba mmoja na binti yake kwa sababu hawakuwa na leseni ya kayaki yao, ule mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi. Wote wawili walikuwa wamevaa majaketi okozi yaliyofungwa mikanda yote, filimbi ya binti ilikuwa inaning'inia begani, na baba alikuwa amekaa nyuma, mahali ambapo angeweza kumwona mwanawe wakati wote. Muda mfupi baadaye afisa yule yule aliwaruhusu vijana wawili waliokuwa wamesimama juu ya mbao za kupigia kafi, vifua wazi, bila jaketi, mmoja wao akiwa na kopo la bia, kwa kuwa namba ya leseni ilionekana kwenye simu zao. Mimi nilionyesha yangu, akasoma jina, akahakiki postikodi, akanitakia siku njema kwa ule upole wa Waingereza ambao humfanya mtu ashindwe hata kukasirika papo hapo. Nimekuja kukasirikia nyumbani.

Kwa ndugu zangu ambao hawajafika huku, naomba nieleze jambo lenyewe lilivyo. Ukinunua kayaki ya kujaza upepo dukani, hakuna atakayekuuliza chochote, lakini ukiitia kwenye mfereji au kwenye mito mingi inayosimamiwa na mamlaka ya usafiri wa majini, unatakiwa uwe na leseni. Wengi wetu huipata kwa kujiunga na chama cha wapiga kafi, ambacho ada yake kwangu haijafika pauni 60 kwa mwaka, na ndani yake umo pia bima ya hadi pauni milioni 10 iwapo utamdhuru mtu au kuharibu mali yake. Hesabu ya shilingi fanyeni wenyewe. Mtumbwi wa kwetu mnajua unavyopatikana, na mnajua pia ni nani huukagua.

Silalamikii ada. Mifereji hii imechimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita, kingo zake hubomoka, milango yake ya maji huoza na kubadilishwa, na anayeitumia hana budi kuichangia. Kinachoniudhi ni kwamba kila mara mtu anapozama, hujitokeza watu wanaodai kuwa dawa ni kila mpiga kafi kupewa leseni kama dereva. Sisi wa huku leseni tunayo tayari, na yaliyoandikwa ndani yake ni jina, anwani na tarehe ya mwisho. Haiulizi kama unajua kuogelea, kama umewahi kupinduka, wala kama unaweza kuutambua ukuta wa kuzuia maji kabla hujaufikia. Na nje ya mifereji mgogoro mkubwa hata si usalama, ni umiliki, kwa maana inakadiriwa kuwa ni takriban asilimia 4 tu ya mito ya Uingereza na Wales ambayo haki ya umma kupita juu yake haina ubishi. Uskoti wao walimaliza habari hiyo kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2003, na mtu hupiga kafi kokote mradi awe na adabu.

Anayetaka kujua mafunzo ya lazima yanapaswa kumwangukia nani asome habari za Lyme Bay, ghuba iliyoko pwani ya kusini mwa Uingereza. Tarehe 22 Machi 1993 wanafunzi wanane wa shule moja ya Plymouth, pamoja na mwalimu wao na wakufunzi wawili wa kituo cha michezo ya nje, walitoka Lyme Regis kwa kayaki kuelekea Charmouth, safari fupi ya pwani. Upepo ukawasukuma kwenye kina kirefu, kayaki zikajaa maji, na kwa saa kadhaa hakuna aliyekuja kuwatafuta. Wanne walikufa. Wakufunzi wale walikuwa na cheti cha chini kabisa, na wafanyakazi waliowatangulia walikuwa wamekwisha kuuandikia uongozi wakionya kwamba maafa yatatokea. Mahakama iliitia hatiani kampuni yenyewe kwa kuua bila kukusudia, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea nchini humu, na mkurugenzi wake alifungwa. Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1995 inayovitaka vituo vinavyowauzia vijana michezo ya hatari viwe na leseni, na leseni hiyo ni leseni kwelikweli: wakaguzi huja, huangalia vyeti vya wakufunzi, vifaa, mipango ya uokoaji, na wana uwezo wa kuinyima.

Kasoro yake ni kwamba inamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Tarehe 30 Oktoba 2021, katika mji wa Haverfordwest huko Wales, kundi la watu wazima tisa liliingia mto Cleddau juu ya mbao za kupigia kafi, mto ukiwa umefura kwa mvua. Mbele yao kulikuwa na ukuta wa kuzuia maji unaokatisha mto kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, na wateja hawakuwa wameelezwa hatari yake. Wanne walipoteza maisha, akiwamo mwongozaji mmoja ambaye alikuwa ametoka salama, kisha akarudi majini kuwasaidia wenzake. Mwenye biashara hiyo, aliyeongoza safari bila sifa zinazotakiwa kwa mto wa namna ile, alihukumiwa mwaka 2025 kifungo cha miaka 10 na miezi 6. Wateja wake walikuwa watu wazima, kwa hiyo ile leseni ya mwaka 1995 haikumhusu. Mtu akiniambia kwamba msiba ule ungezuiwa kwa kumlazimisha kila mwenye kayaki kuwa na kadi mfukoni, nitamwomba anionyeshe namna. Wale waliokufa kama wateja walifanya alichopaswa kufanya mtu mwenye busara, yaani walimlipa aliyejitangaza kuwa anajua.

Ukuta wa namna ile huwadanganya hata wazoefu. Ukiutazama kutoka juu ya mto huoni kitu, ni mstari tu ambapo maji yanaonekana kukatika, na sauti yake hukufikia umechelewa. Chini yake maji huanguka kisha hugeuka na kurudi yalikotoka, yakimzungusha mtu, ubao wake na kipande chochote cha gogo mahali pale pale, na jaketi linaloelea halina nguvu ya kutosha kumtoa. Kamba inayomfunga mtu kifundo cha mguu na ubao wake, ambayo baharini huokoa maisha, kwenye maji yanayokimbia inaweza kunasa na kumzamisha, ndiyo maana hushauriwa kuvaa mkanda wa kiunoni unaofunguka kwa kuvutwa mara moja. Haya hayajulikani kwa kukisia. Hufundishwa, na hufundishika kwa asubuhi moja.

Nilijiandikisha kwenye mafunzo ya usalama kwa hiari yangu, na bado naona kuwa ni fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote nilizotumia kwenye mchezo huu. Ilikuwa mwezi wa Aprili, jua linawaka, watu wamevaa kaptula ukingoni. Mwalimu alitutaka tuingie majini mmoja mmoja, kila mmoja ataje jina lake akiwa ameelea. Aliyetangulia alikuwa jamaa mwenye mabega mapana, muogeleaji wa bwawani wa miaka mingi, na alipozama hadi shingoni kinywa kikaachama, akavuta pumzi kwa vishindo kama aliyepigwa ngumi ya tumbo, na jina lake mwenyewe halikutoka. Alishika ukingo kwa mikono miwili. Mwalimu hakumcheka. Alimwambia alale chali, ainue kidevu, asipambane na maji, na baada ya dakika moja hivi pumzi zikatulia na jina likatoka.

Wataalamu huutaja mshtuko huo wa maji baridi kuwa unaanza maji yakiwa chini ya nyuzi 15, na bahari inayoizunguka nchi hii ina wastani wa nyuzi 12 hivi kwa mwaka. Sisi tuliokulia kwenye maji ya moto tunabeba ujuzi wa kafi ambao Mwingereza wa kawaida hana, tunajua kuusoma upepo, tunajua kusawazisha chombo kwa makalio, na ujuzi huo wote hauna neno lolote kuhusu baridi. Mtu anaweza kuwa amevuka ziwa tangu utotoni na bado akafa umbali wa kurusha jiwe kutoka ukingo wa mto wa Kiingereza, kwa kuvuta maji badala ya hewa katika dakika ile ya kwanza.

Na hapa ndipo hasira yangu inapopungua kidogo, kwa sababu nchi hii imekwisha kukubali kuwa mafunzo ya lazima yanafaa, ila imeyaweka utotoni. Mtaala wa shule za msingi nchini Uingereza unataka mtoto amalize akiwa anaweza kuogelea mita 25 na kujiokoa majini. Wanangu watayapata. Mimi niliyetua uwanja wa ndege nikiwa mtu mzima, na ninyi mnaojiandaa kuja, tunaikuta ngazi hiyo tayari imeshaondolewa. Takwimu za Sport England, taasisi ya umma ya michezo, zilizotangazwa miaka michache iliyopita zilionyesha kuwa asilimia 95 ya watu wazima weusi nchini Uingereza hawaogelei, na nikitazama picha za matembezi ya vyama vyetu kila kiangazi, sioni sababu ya kubisha. Kwa hiyo kabla ya koti la baridi na kabla ya simu mpya, jiandikisheni darasa la kuogelea kwenye kituo cha michezo cha manispaa. Madarasa ya watu wazima wanaoanza yapo, na hakuna atakayekucheka. Jingine, kwa walio kwenye viza: msidharau barua yoyote ya kudaiwa ada au faini, hata ya mtumbwi wa plastiki, maana deni dogo lililopuuzwa likifikishwa mahakamani linaweza kukufuata hadi kwenye fomu zako za ukaazi.

Wanaotaka mtihani kwa kila mpiga kafi wana hoja moja ambayo naiheshimu, kwamba anayepinduka hahatarishi nafsi yake peke yake, kwa kuwa wanaokwenda kumtafuta usiku, wengi wao wakiwa watu wa kujitolea wa mashua za uokoaji, nao wana watoto nyumbani. Hata hivyo sioni mtihani huo utakavyokuwa. Mfereji uliotulia, mto uliofura na bahari yenye mkondo ni vitu vitatu tofauti, na cheti kilichopatikana kwenye cha kwanza kinaweza kumpa mtu ujasiri wa kuingia kwenye cha tatu. Gari huingia barabarani likiwa na namba na kukutana na polisi, ilhali kayaki hutolewa kwenye begi na kushushwa kichakani. Watakaolipia mtihani ni wale ambao wangejifunza bila kulazimishwa, na watakaokwama ni familia kama ile ya baba na binti yake, zenye chombo cha bei nafuu na tahadhari zote, ambazo zitaona bora zibaki nyumbani. Kuna njia fupi zaidi. Huko Marekani, jimbo la Pennsylvania linamlazimisha kila aliye kwenye kayaki au mtumbwi kuvaa jaketi kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 30 Aprili, miezi ambayo maji yana baridi ya kuua, na afisa huhitaji macho tu kujua nani amevunja sheria. Uingereza haina sheria ya jumla ya aina hiyo kwa wapiga kafi.

Mafunzo ya lazima nayadai kwa kila anayepokea fedha. Anayekodisha, anayeongoza msafara, anayefungua ukurasa mtandaoni na kuuza safari ya machweo kwa wageni, awe na cheti kinacholingana na maji anayowapeleka, kiwe kimekaguliwa, na umri wa mteja usiwe kigezo.

Hayo ndiyo niliyoyapeleka kwenye kikao cha kamati ya chama chetu cha watu wa kwetu Jumamosi, kwa kuwa mwezi wa nane tumepanga kupeleka familia mtoni. Nilipendekeza tumwombe mwenye kayaki za kukodisha atuonyeshe vyeti vya waongozaji wake, atueleze kama kuna ukuta wa maji kwenye njia tutakayopita, na atuambie ataamua vipi kuahirisha mvua ikinyesha. Mweka hazina alijibu kuwa amepata mwingine wa nusu bei ambaye hana maswali mengi. Nilimuuliza kama mtu huyo ana majaketi ya saizi za watoto, akasema atampigia. Katibu ameandika kwenye muhtasari kwamba malipo ya awali yasimamishwe mpaka jibu lipatikane, na mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akaomba iongezwe kuwa wasiojua kuogelea wajiorodheshe, akaanza kwa kutaja jina lake.