Siku yangu nyuma ya meza ya vitabu vya mitumba, Digo Road, Mombasa

Wengi hudhani kuuza vitabu kando ya barabara ni kukaa kivulini ukijisomea. Waje kwanza wabebe katoni moja kutoka stoo, halafu tuzungumze.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka Likoni. Feri, msukumano, mahamri na mbaazi Mwembe Tayari, na saa mbili meza imeshasimama.

Saa tatu ni ukaguzi. Nafungua kila kitabu katikati nisikie kama gundi inalia, nanusa ukungu (hewa ya bahari haina huruma na karatasi), kisha natazama kurasa za mwisho. Riwaya ya kutisha ikikosa sura ya mwisho, mteja atarudi nayo akufokee mbele ya watu.

Leo nina moja niipendayo, ya watoto, ya Kiingereza, jalada limeng'oka hata jina halijulikani. Ni mji wa ajabu huko Marekani: mizimu inapanga nyumba kama watu wengine, na mwalimu wa hesabu hana kichwa lakini anamwona kila anayekopi.

Saa nne akaja mama na mwanawe wa miaka kama kumi.

"Ndugu yangu, nataka kitabu cha marudio cha hesabu."

Nikampa. Akakipekua ukurasa kwa ukurasa. "Mbona majibu yameshaandikwa kwa penseli?"

"Yanafutika, mama."

"Nani atafuta? Mimi? Basi nipunguzie na gharama ya raba."

Kutoka mia mbili tukashuka mia na themanini, tukakwama. Akampigia mumewe. Mumewe hakushika, akampigia dadake, wakaanza na habari za harusi. Wateja wawili wakasimama, wakachoka, wakaenda zao. Mtoto naye kakaa juu ya katoni, kainamia ile riwaya.

"Hicho nacho kina nini?" mama akauliza, simu bado sikioni.

"Hadithi ya kuchekesha tu."

"Mbona pana mtu hana kichwa?"

"Ni mwalimu."

"Astaghfirullah! Mambo ya majini siyataki nyumbani kwangu."

Nikamkumbusha kwamba Mombasa hii sote tumelelewa na hadithi za yule mwanamke mrembo mwenye kwato, na bado tunapita vichochoro vya Mji wa Kale usiku. Akanijibu, "Hizo hazikuandikwa." Sikuwa na la kusema.

Mwisho alitoa mia na ishirini, nikapokea kwa sababu kichwa kilikuwa kinaniuma. Akamshika mtoto mkono. Mtoto akageuka: "Ami, ule mzimu ulilipa umeme?"

"Ulikatiwa!"

Alicheka mpaka wakapotelea kwenye umati. Saa sita hiyo ilikuwa imeshapita.

Mchana sina la kusimulia. Jua, kahawa chungu na kashata, watu wanaouliza bei na kusonga mbele. Vitabu vipya vilianza kutozwa kodi ya VAT ya asilimia 16 mwaka 2013, na wazazi wengi nionao hapa wametoka kwanza dukani, wameona bei, wakashuka kwangu wakiwa wamekasirika tayari. Hasira za duka nazibeba mimi. Baada ya adhana ya alasiri mvua ikatukurupusha. Turubai juu, mgongo chini, na maji yakapata njia moja kwa moja hadi kwenye kamusi. Sijui kwa nini daima ni kamusi.

Nilikuwa nafunga katoni, mikono haina nguvu, bodaboda mmoja akaegesha kungoja abiria. Akaokota riwaya, akasoma amesimama, helmeti kichwani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Abiria akaja, akaambiwa asubiri kidogo.

"Hii bei gani?"

"Mia na hamsini."

Akalipa bila kubishana. Kwa furaha nikamwuliza mtoto wake yuko darasa la ngapi.

"Mtoto gani, kaka? Hiki changu."