Aliyewasha Moto Hana Budi Kulipa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii yote nimekaa katika sura ya kwanza ya Yoeli, pale nabii anapomlilia Bwana kwa kuwa moto umekula malisho na vijito vimekauka, maana ndiyo hali yetu sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro kila vuli inapochelewa. Mlima uliungua Oktoba 2020. Ukaungua tena Oktoba 2022, upande wa Karanga, katika ukame uleule ulioushusha mto Ruvu hata Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji.

Yoeli aliomba, nasi tunaomba, na ni vyema. Hata hivyo, misitu ile ya juu ndiyo inayonasa ukungu na kuugeuza maji ya mifereji yetu na ya mto Pangani, kwa hiyo anayeichoma leo anaukaribisha ukame wa kesho. Na moto huu, mara nyingi, haukushuka kutoka mbinguni: ni wa mrina asali aliyeacha mwenge wake ukifuka, au wa mkulima anayesafisha shamba kwa kiberiti wakati wa upepo.

Kutoka 22:6 inasema kwamba moto ukishika miiba na kuteketeza shamba la mwingine, aliyeuwasha hana budi kulipa. Torati haimuulizi kama alikusudia, wala haimwachilii kwa sababu nyasi zilikuwa kavu. Kukauka kwa nyasi kulipaswa kumzuia. Hapa sina budi kusema wazi, ingawa linaniuma. Moto ulipotoka katika shamba la ndugu yetu mmoja ukala migomba na kahawa ya mama mjane, tulimchangia mama yule haraka, na nilifurahi. Lakini aliyewasha, ambaye sote tunamjua na ambaye huketi nasi ibadani, hakuna aliyemwendea, kwa kuwa ni mkubwa wetu na tunaogopa kumwaibisha. Wapendwa, huo si upendo. Tumemnyima nafasi ya kutubu, na mjane tumempa sadaka mahali alipostahili haki.

Jumapili tutafunga na kuomba mvua. Kabla ya siku hiyo nawasihi wazee wa kanisa wafike kwake kwa heshima zote, wakae naye, na wakubaliane idadi ya miche ya kahawa atakayompa mama na nani atakayeipanda mvua zikianza.