Siku moja gereji: ninavyosoma masizi ya ekzosi

Saa 1 asubuhi, Tabata. Kuna gari limelala hapa, na nilikataza lisiwashwe kabla sijafika. Injini ikiwashwa ikiwa baridi ndipo inaposema ukweli. Dogo anapiga stata, mimi nimesimama nyuma. Moshi wa bluu unatoka mkupuo mmoja, unakata. Hapo nawaza sili za valvu, vimpira vinavyozuia oili isipite pembeni ya valvu: oili imechuruzika usiku kucha hadi kwenye silinda. Ringi, yaani pete za pistoni, zikichoka moshi haukati hivyo, unafuata mguu kwenye akseleta.

Saa 2 na nusu. Dada mmoja ana hofu, ekzosi inadondosha maji. Maji ya rejeta hayapungui. Petroli ikiungua hutoa mvuke, na bomba likiwa baridi mvuke hugeuka matone. Nimemruhusu aende, sikumtoza kitu.

Saa 4. "Shikamoo mzee." "Marahaba fundi. Mafundi wengine wameniambia ninunue injini nyingine."

Ekzosi ilipopoa nikapitisha kidole ndani. Masizi meusi tii, makavu, yanapukutika. Tambara kavu limeyafuta yote. Ingekuwa oili yangenata na kung'aa, na kidole kingebaki na utelezi. Masizi makavu maana yake petroli imezidi hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji hewa kama kilo 14.7 iungue vizuri. Hewa ikipungua, kaboni inabaki. Plagi zote nne nazo nyeusi, kavu. Nikapima kompresheni, yaani nguvu ya kukandamiza hewa ndani ya silinda: silinda zote zimekaribiana. Moja ingekuwa chini ningetia oili kidogo ndani nipime tena. Ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda natazama valvu na gasketi. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari ndiyo iliyomaliza ubishi: oksijeni sensa, inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, imekwama ikidai hewa ni nyingi, kompyuta inazidi kumwaga petroli. Inaniuma sana mzee mstaafu kukaribia kuuziwa injini kwa sababu ya sensa.

Saa 7, wali maharage, haraka.

Saa 8. Kijana amekuja na gari la D4, injini ya petroli ya Toyota, bomba jeusi. Kwa injini hizi masizi makavu kiasi ni kawaida, maana petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na muda wa kuchanganyika na hewa ni mfupi. Nimeangalia oili na ulaji wa mafuta, viko sawa. Kidole peke yake hakitoshi kuhukumu gari.

Saa 10. Canter ya dizeli inatoa moshi mweusi ikibeba mzigo. Eya klina safi, mpira wa tabo mzima. Nozeli zinazopuliza dizeli nimezifungua ziende kwa fundi pampu azipime.

Saa 12. Mzee amekuja kuchukua gari. Nimembadilishia sensa na plagi, na bomba nimelisugua ndani hadi chuma kikaonekana. Atembee nalo wiki nzima, kisha arudi nipitishe kidole tena. Masizi nitakayoyakuta yatakuwa mapya.