Ndege wamerudi Tabora
Jamani mvua zimeanza na ndege wamerudi! Leo asubuhi mimi na binamu tumezunguka vinjia vya mashambani kule Kwihara, karibu na lile tembe alilokaa Livingstone 1872, watu wanapiga matuta ya tumbaku na mahindi, sisi shingo juu tu. Dudumizi tumemsikia weee bila kumwona, huyo kujificha ndo fani yake. Ila mbayuwayu ndo wamenimaliza, yaani kadege kadogo vile kanakimbia baridi ya Ulaya, kanakatiza Sahara yote, halafu kanakuja kula kumbikumbi wetu bure kabisa! Tukamwamkia mzee mmoja shambani, akaitikia marahaba, akatuangalia weee, "Wajukuu zangu, mmepotelewa na ng'ombe?" 😂