Mwavuli asubuhi

"Baba, mbona umefungua mwavuli? Hakuna mvua wala jua."

Binti yangu huyo, juzi tukipita Nsambya, hapa Kampala. Nilikuwa nimesikia kunguru juu ya mti, basi mkono ukafanya kazi yake bila kuniuliza.

Tabia hiyo ilianzia Tororo, mashariki mwa Uganda, kambini, 1994. Kunguru wawili, wale wa kifua cheupe, walijenga juu ya mvule karibu na bomba. Vijiti, vipande vya waya, hata utepe wa kaseti. Kinda mmoja akaanguka nikamwokota. Alikuwa wa moto kiganjani, tumbo tupu, mdomo wazi, mwekundu ndani. Nilitaka kumrudisha, wallahi, lakini mvule ule haupandiki. Nikamwacha kichakani.

Tangu kesho yake sikuchota maji kwa amani. Husikii kitu kwanza. Unaona kivuli kikikatiza maji ya ndoo, unahisi upepo shingoni, fyuu, halafu kucha ziko utosini. Mara ya tatu damu ilishuka mpaka sikioni, ndoo ikapinduka, na akina mama kwenye foleni wakacheka: "We mtoto, una deni gani na huyo?" Mama akanivalisha sufuria. Kunguru mwoga hukimbiza mbawa zake, tunasema. Huyu hakuambiwa.

Nikajishawishi kwamba anachukia shati langu jekundu. Jumamosi nikamvalisha mdogo wangu, wa miaka sita, nikampa ndoo, mimi nikajibanza nyuma ya choo. Akapita chini ya mvule akiimba. Kunguru akainamisha kichwa, akamtazama, akamwacha. Kisha akaja chooni moja kwa moja.

Baadaye sana nilisoma kwamba mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle, walivaa kinyago wakanasa kunguru saba na kuwaachia. Miaka ikapita, na bado aliyepita na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakunaswa. Wa kwao ni wa aina nyingine, lakini sikuhitaji maelezo zaidi.

Mdogo wangu yuko Mbale sasa, na familia yake. Kila tukikutana kwenye arusi huwasimulia watu jinsi kaka yake alivyomvulia shati lake zuri jekundu, bila hata kuombwa. Watu hunitazama kwa upole. Mimi huendelea kula pilau.