Dozi Isiyoisha

Nesi aliniuliza swali ambalo kwangu halikuwa swali: kwa jumla, afya yako unaionaje? Nzuri sana, nzuri, ya wastani au mbaya? Nikamjibu vile vile ambavyo ningemjibu mtu yeyote pale Ngamiani, kwetu Tanga: mzima, namshukuru Mungu. Akaweka alama kwenye "nzuri sana". Kisha akanifunga ule mkanda mkononi, mashine ikajaza upepo, ikakaza, ikaachia. Presha: 168 kwa 102.

Akasubiri kidogo, akapima tena. Akahamia mkono wa pili. Alikuwa mwongeaji yule dada, lakini hapo alinyamaza, na nesi mwongeaji akinyamaza unaanza kuhesabu madeni yako.

Hii ilikuwa Leicester, mwaka juzi. England mtu wa miaka 40 hadi 74 asiye na ugonjwa kama kisukari au wa moyo huitwa kupimwa kila baada ya miaka 5. Barua yangu ilikaa juu ya friji miezi minne. Niende hospitali nikafanye nini na siumwi? Mimi nimekua nikijua hospitali mtu anapelekwa, tena na watu wawili wamemshika makwapa. Kwenda kwa miguu yako mwenyewe, umechana nywele, ni kama kwenda polisi kuuliza kama una kesi.

Baadaye nikawa nalifikiria jibu langu. Sikumdanganya. Lugha yangu ndivyo ilivyonifundisha. Ukiniuliza hujambo, unataka kujua kama nina jambo. Kama sina, sijambo. Pwani kwetu mtu akiugua husema "siwezi". Ukipita kumuulizia mgonjwa unaambiwa "bado hawezi", na akianza kupata nafuu, "leo hajambo kidogo". Kuumwa ni kutokuweza. Sasa mimi usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimebeba boksi ghalani kwa saa 10, tena boksi zenyewe za karatasi ngumu, si zile za msemo wa kazi za ughaibuni. Anayeweza hivyo utamwambiaje kwamba hawezi?

Nesi akaja kwenye chumvi. Unaongeza chumvi mezani? Hapana, nikajibu kwa moyo mweupe, na ni kweli: nyumbani kwetu kuomba chumvi mezani ni kumwambia mpishi hajui kupika. Ila kwenye friji langu kulikuwa na papa mkavu wa chumvi, mama kampa kijana mmoja aliyekuwa anasafiri, kafungwa kwenye magazeti matatu na bado sanduku zima likanuka. Nilikuwa namla kila Jumapili kwa nazi na muhogo, achari pembeni. Hakuniuliza habari za papa. Angejulia wapi? Swali lake lilitoka kwenye meza ya kwao, na jibu langu likatoka kwenye ya kwetu, na papa akapita katikati bila kuonekana.

Nikapewa mashine ya kuvaa saa 24, inakaza mkono kila nusu saa. Niliivaa siku ya mapumziko ili wenzangu kazini wasiione. Ikanikaza sokoni, ikanikaza msikitini nikiwa kwenye sijda. Majibu hayakubadilika: presha ipo.

Daktari akaniandikia amlodipine, miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Akanieleza kwamba mtu wa umri wangu, chini ya miaka 55, kwa kawaida angeanzishiwa dawa ya kundi jingine, ila mwongozo wao unasema wenye asili ya Afrika waanze na hii. Nilitoka nikitafakari hilo kuliko hata ugonjwa wenyewe. Kumbe nao wananitibu kwa nilikotoka, ila wamefika hadi kwenye damu tu.

Pakiti ilikuwa na vidonge 28. Nikavinywa vyote, sikuruka hata siku moja. Cha mwisho kilipokwisha nikatupa pakiti, nikaendelea na maisha yangu nikiwa nimeridhika kabisa. Nilipoitwa tena kupimwa baada ya miezi mitatu, namba zilikuwa zimerudi kule kule. Nesi akauliza: dawa unakunywa? Nikamwambia nimemaliza. Umemaliza nini? Dozi.

Alinitazama kama mtu aliyesikia neno asilolijua. Na mimi ningemweleza nini kwa Kiingereza changu cha ghalani? Kwamba nimelelewa na malaria? Malaria haikufichi kitu. Inakuja na kishindo: baridi, kutetemeka, kutapika, unaanikwa juani na mablanketi mawili huku wenzako wanacheza gololi. Unapewa kloroquini, chungu, halafu inakuwasha mwili mzima mpaka nyayo, unajikuna ukutani kama mbuzi. Dozi ya mtu mzima ilikuwa vidonge 4 leo, 4 kesho, 2 keshokutwa, na sisi watoto tulikatiwa kwa kisu cha jikoni. Tanzania iliacha kloroquini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea, na mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto, vidonge 24 kwa siku 3. Dawa zimebadilika, amri haijabadilika: maliza dozi. Tuliimbiwa hivyo na wauguzi, walimu na wazazi. Mtoto mtukutu ni yule anayejisikia nafuu siku ya pili akatupa vidonge chooni. Mimi nilikuwa mtoto mwema. Nilimaliza.

Yote hayo yalitoka kwa sentensi moja tu: kwetu dawa huwa inaisha. Yule dada hakucheka. Akachukua kalamu nyekundu, akaandika juu ya pakiti mpya: hakuna mwisho. Pakiti ile ninayo mpaka leo.

Mama nilimficha karibu mwaka mzima. Siku niliyomwambia, kwenye simu, alikaa kimya halafu akauliza, "Presha? Nani kakuudhi huko?"

Kwake presha haitoki kwenye papa. Inatoka kwa watu. Akaanza kunitajia mmoja mmoja: mke wangu, msimamizi wa kazi, yule jamaa niliyemkopesha hela za gari. Nilitaka kubisha, lakini nikakumbuka kwamba nilipotolewa zamu ya usiku namba zilishuka, na yule jamaa hajanilipa mpaka leo. Sikubisha.

Akaniasa nisimtajie mtu. "Umenenepa mashallah, watu wanakuona umefanikiwa. Usiwape la kusema." Na huo unene nao una kisa. Kila nikituma picha mama anasema nimenawiri. Huku, mwili ule ule umeandikwa kwenye faili kama tatizo, tena katika hesabu yao ya uzito na urefu, Wazungu huhesabiwa kuwa na unene wa kupindukia wakifika 30. Sisi wenye asili ya Afrika mstari umeshushwa hadi 27.5, kwa kuwa kisukari na maradhi ya moyo hutuwahi tukiwa na uzito mdogo zaidi. Nilikuwa 28. Ukiniuliza nilimwamini nani, nitakwambia nilipunguza wali, na picha nikaacha kutuma.

Halafu nikakumbuka kwamba mama naye ana presha, tangu mimi niko sekondari.

"Na wewe mama, dawa zako unakunywa?"

"Zipo."

"Zipo, au unakunywa?"

"Zipo kabatini mwanangu. Siku nikizidiwa, shingo ikianza kukaza, nitakunywa. Saa hizi sijambo."

Nikamweleza. Habari za ugonjwa usiopiga hodi, za kidonge cha kila siku, za kalamu nyekundu na pakiti. Nilizungumza muda mrefu kuliko nilivyowahi kuzungumza na mama kwenye simu. Alinisikiliza bila kunikatisha hadi nikamaliza, akasema eeh, nimekuelewa mwanangu. Kisha akauliza kama kile kifurushi cha pili cha papa kimenifikia.