Siku Moja Maishani Mwangu: Somo Lililofukiwa Udongoni

Saa 12:15 asubuhi. Wanafunzi hawajafika. Niko nyuma ya madarasa napanga udongo ndani ya masanduku manne ya mbao. Chini kabisa naweka mchanga mweupe na mawe niliyoyachonga mwenyewe. Katikati, udongo mwekundu wenye unyevu, na ndani yake vigae vya chungu kimoja, makaa na mifupa michache iliyobabuka. Juu naweka udongo mweusi na kufukia kifuniko cha chupa. Kila tabaka nalishindilia kwa kiganja. Nikilipua kazi hii, somo zima linaharibika, kwa sababu nataka watoto wa miaka minane waone kwa macho yao kwamba kilicho chini ndicho kilichotangulia.

Saa 2:00. Tunatoka uwanjani na kamba ndefu. Ncha ya kwanza ni leo, na kila sentimita moja ni kurudi nyuma miaka 1,000. Mtoto wa umri huu hawezi kuishika milioni kichwani, lakini kamba anaishika. Kwenye sentimita ya tano tunafunga utepe: hapo ndipo watu walipokuwa wameanza kuandika. Kipande hicho kinaenea kiganjani. Tunatembea. Mita 17 na nusu, fuvu la jamaa wa kale wa binadamu aliloliona mtafiti Mary Leakey kule Olduvai, Tanzania, mwaka 1959. Mita 33, zana za mawe za Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana. Mita 36 na ushee, nyayo za kale za Laetoli, nazo za Tanzania. Aliyeshika ncha ya mwisho lazima apaze sauti ndipo tumsikie.

"Na dinosaria, Mwalimu?"

Namwambia tungehitaji kamba ya mita 660 kufika walipotoweka. Wote wanageuka kutazama uzio na ng'ambo yake. Swali hilo nalisubiri kila mwaka. Nilipoanza kufundisha somo hili nilifukia mifupa ya plastiki ya dinosaria sanduku moja na zana za mawe, na watoto wakaondoka wakiamini kwamba binadamu waliwahi kuwawinda. Bado linaniuma.

Saa 4:00. Kuchimbua. Nyuzi zimegawa kila sanduku katika miraba, kila mtoto ana wake, na brashi na kijiko. Sheria ni moja: ukiona kitu usikitoe, kipime, kichore, ndipo ukiinue. Hazijapita dakika kumi, kijana mmoja ameng'oa kigae na kukinyanyua juu akishangilia. Sikumfokea. Nilimuuliza tu, "Kilikuwa karibu na nini?" Akatazama shimo, akakitazama kigae, akanyamaza.

Mraba wa pili yake, binti mmoja alikuwa amekiacha cha kwake kimelala vilevile. Alipiga brashi polepole, ulimi umebana kwenye kona ya mdomo. Yakatokea makaa, kisha mfupa. Akakaa kitako. "Mwalimu, hapa walikuwa wanapika."

Hakuna aliyemwambia. Vigae vyote viwili vimetoka chungu kimoja, ila kimoja kimeshakuwa kipande tu mkononi, na kingine, kando ya makaa yake, bado ni jiko la mtu. Wapo walimu wenzangu wanaoona watoto wadogo waanze na majina na miaka, udongo uje baadaye. Sikubaliani nao hata kidogo.

Saa 6:30. Kunawa, kula, kunawa tena.

Saa 7:30 mchana. Nawasimulia habari za Laetoli. Mwaka 1976 watafiti walikuwa wakirushiana kinyesi kikavu cha tembo kwa mchezo. Mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka akikwepa, na pale chini akaona alama za wanyama kwenye mwamba. Darasa zima linacheka. Mwaka 1978 kikosi cha Mary Leakey kikapata nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita. Majivu ya volkano yalinyeshewa na mvua, yakakanyagwa, yakagandamana, kisha majivu mengine yakayafunika.

Tunamwaga maji kwenye mchanga. Kundi moja linapita, wengine wanafumba macho, kisha wanasoma alama: nani alitembea, nani alikimbia, nani alisimama akageuka. Hawakosei sana. Anayekimbia huacha nafasi kubwa kati ya hatua, na vidole vyake huzama zaidi kuliko kisigino.

Saa 9:45. Kengele imelia, nakusanya brashi. Yule kijana wa kigae hajaondoka. Amepiga magoti kando ya sanduku, shavu karibu ligusane na udongo. Nasogea. Kwenye ule udongo mwekundu wenye unyevu pamebaki alama ya kigae chake, upinde mdogo wenye ncha moja kali. Anakishusha taratibu, hakiingii. Anakizungusha, kinatulia mahali pake. Anaanza kuondoa udongo ubavuni mwake kwa ncha ya brashi, na pembeni panaanza kuonekana weusi.

"Mwalimu," ananiambia bila kuinua kichwa, "naomba rula."